Kucha na Rangi Zake

Nyakanazi ilikuwa njia panda kabla ya kuwa mji. Barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Kahama na Ushirombo hufika hapo ikiwa imekwisha kuchoka, kisha hutengana. Tawi moja huendelea hadi Lusahunga, liwapeleke watu Biharamulo, au Ngara na daraja la Rusumo. Tawi jingine huinama kuelekea Kakonko, Kibondo na Kigoma. Malori ya Kigali na Bujumbura hulala hapo. Wilaya ni ya Wasubi, lakini sokoni husikika Kihangaza, Kiha, Kisukuma na Kinyarwanda, na juu ya lugha zote hizo Kiswahili cha madereva, chenye haraka na utani. Mahali pa namna hii mtu hajulikani kwa ukoo wake. Hutazamwa uso, na uso ukificha, hutazamwa mikono.

Na mikono ya Nyakanazi imejaa rangi. Mkulima aliyetoka shambani ana udongo mwekundu chini ya kucha, nao hautoki kwa maji ya mara moja. Utingo ana grisi. Dereva mvutaji ana manjano kwenye vyanda viwili, vile vinavyoshika sigara. Mama amenyaye ndizi mbichi tangu alfajiri ana weusi wa utomvu: maji yale ya ndizi hutoka hayana rangi, yakipigwa na hewa hugeuka kahawia, kisha meusi, yakashika kuchani na katika mikunjo ya ngozi. Ndiyo maana wamenyaji wenye busara hujipaka mafuta kabla ya kushika kisu. Mtu akitaka kusoma siha ya mwenziwe kwenye kucha, hapa atalazimika kwanza kujua kazi yake.

Watu wa pwani hawatashangaa kusikia kwamba kucha husomwa, maana wao wamezisoma tangu zamani. Hina ya bibi harusi ni maandishi, na kukosekana kwake kwa mjane aliye edani ni maandishi vilevile. Tena kuna jambo ambalo kila kungwi analijua bila kufundishwa na tabibu: hina ya ngozini hufifia kwa wiki mbili tatu, bali ile ya kuchani haifi. Huhama. Ukucha wa mkono huota kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, na rangi iliyotiwa juu yake husukumwa mbele pamoja nao. Mwanamke aliyeolewa Mfungo Mosi huanza kuona utepe mweupe shinani mwa ukucha kabla ya Mfungo Pili kwisha. Kufika Mfungo Saba hina yote iko nchani, inangoja wembe. Mtu mwenye jicho atakwambia harusi ilikuwa lini. Ukucha wa mguu ni mvivu zaidi, huchukua mwaka mzima hata mwaka na nusu.

Mwaka 1846 tabibu wa Kifaransa, Joseph Honoré Simon Beau, aliandika jambo hilohilo kwa njia nyingine. Aliona kwamba mtu akipatwa na ugonjwa mkali, ukucha husita kuota, na kusita huko huacha mfereji uliokatiza ukucha kwa mapana. Mfereji huo nao huhama. Kwa kupima umbali wake kutoka shinani, Beau aliweza kukisia homa ilimlaza mgonjwa lini. Hadi leo matabibu huiita mistari ya Beau. Makungwi wa pwani hawakuandika kitabu, hivyo hesabu yao haikupewa jina la mtu.

Kabla ya kuzisoma rangi yafaa kujua zinatoka wapi. Ukucha wenyewe ni kitu kikavu, umetengenezwa na keratini, ile ile ya nywele na ya pembe ya ng'ombe, na karibu hauna rangi. Kinachoonekana ni nyama iliyo chini yake, yenye mishipa midogo ya damu isiyohesabika. Kwa hiyo ukucha ni kioo cha dirisha. Damu ikiwa ya kutosha, dirisha huonekana la waridi, ikipungua, hupauka, ikikosa oksijeni, huingia samawati. Rangi nyingine hazitoki chumbani bali zimo katika kioo chenyewe: ukungu, moshi wa tumbaku, melanini, dawa. Kosa la wasomaji wengi wa kucha ni kuchanganya haya mawili, rangi ya chumba na rangi ya kioo.

Dirisha hilo lina thamani ya pekee kwa watu weusi. Vitabu vingi vya utabibu viliandikwa na watu waliowatazama wagonjwa wa ngozi nyeupe, vikasema mgonjwa huyu amepauka usoni, huyu amekuwa samawati, huyu amewiva. Mama wa Kihangaza aliyepungukiwa damu hapauki usoni kwa namna ambayo kitabu kile kinaeleza. Damu yake huonekana mahali pachache tu: kiganjani, kuchani, ufizini, ulimini, na ndani ya kope la chini. Asiyejua kuzitazama sehemu hizo atamwacha mgonjwa arudi nyumbani kwa kuwa uso wake haukusema kitu.

Hapa lugha yenyewe ina ushahidi. Kiswahili kina neno safura, na asili yake ni Kiarabu, katika ukoo wa neno lenye maana ya manjano na ya nyongo. Limesafiri hadi pwani likabadili kazi. Safura ya Waswahili ni ugonjwa wa kupauka na kuvimba na kuishiwa nguvu, na wale minyoo wanaouleta, wenye kuingia kwa nyayo zisizo na viatu na kung'ata utumbo wakinyonya damu, huitwa minyoo ya safura. Neno lililoanza na rangi likaishia kwa mnyoo. Mfasiri akikutana nalo hujikuta njia panda: alipeleke kwenye manjano, au kwenye damu iliyopungua, au kwenye mdudu? Wazee waliolitumia hawakuona haja ya kuchagua, kwa sababu walikuwa wakimtazama mtu mmoja, naye alikuwa na yote matatu.

Kisiwa cha Pemba kinayajua haya vizuri. Miaka ya 1990 watafiti waliwapima watoto wa Pemba minyoo na damu, na moja ya maswali yao lilikuwa la macho matupu: je, mhudumu asiye na mashine aweza kumjua mtoto aliyeishiwa damu kwa kutazama weupe wa kiganja, wa kucha na wa kope? Jibu, kwa ufupi, ni kwamba jicho huukamata upungufu mkubwa, ule wa kuua, lakini upungufu mdogo hulipita. Miaka hiyohiyo WHO na UNICEF walipotunga mwongozo wa kumtazama mtoto mgonjwa kwa ajili ya zahanati zisizo na maabara, walichagua kiganja. Mhudumu hukilinganisha kiganja cha mtoto na cha kwake mwenyewe. Kikiwa kimepauka kidogo, huandikiwa dawa. Kikiwa cheupe kabisa, mtoto hupelekwa hospitali bila kungoja kesho.

Kukingoja kesho hugharimu. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016, watoto 58 katika kila 100 wa Tanzania, wenye umri wa miezi 6 hadi 59, walikuwa na upungufu wa damu, na wanawake 45 katika kila 100. Kagera, mkoa wenye mvua na malaria, haikukosa sehemu yake. Malaria huzivunja chembe za damu, minyoo huinyonya, chakula cha ndizi peke yake hakiirudishi upesi. Na wako wanaozaliwa na selimundu, ambao chembe zao hupinda kama mundu na kufa mapema. Mtoto wa njia ile ya Kakonko, mwenye homa ya siku tatu, anayehema mbio na kucha zake zikiwa nyeupe kama karatasi, huenda hana muda wa kufika jioni asipotiwa damu. Mama yake hana kipimo cha himoglobini. Ana mkono wake mwenyewe wa kulinganishia, na pikipiki kama ipo.

Kuna jaribio jingine ambalo halidai kitu ila subira. Bonyeza ukucha mpaka rangi itoweke, kisha achia. Kwa mtoto mwenye damu inayozunguka vyema, uwaridi hurudi kabla hujamaliza kuhesabu moja, mbili. Ukipita hesabu ya tatu na bado ukucha ni mweupe, mikono nayo ikiwa baridi, mwili umeanza kuinyima pembe zake damu ili uulinde moyo. Jambo hili lingefundishwa shuleni pamoja na jedwali la kuzidisha.

Upungufu wa madini ya chuma ukidumu, ukucha hubadilika hata umbo. Hulegea, hupapatuka, mwishowe hubonyea katikati ukawa kama kijiko. Tone la maji likiwekwa juu yake hukaa, halimwagiki. Na mwili wenye kiu ya chuma huwa na uchu wa mambo ya ajabu. Wajawazito hutafuna mchele mbichi na barafu, na wengi hula udongo. Sokoni, bara, vijiti vile vya udongo uliokandwa na kukaushwa huitwa pemba. Mtu wa Pemba asikiapo mara ya kwanza kwamba kuna mahali jina la kisiwa chake hutafunwa, hucheka kisha hununa. Sera Young, mtafiti wa Kimarekani aliyefuatilia ulaji huo kisiwani humohumo, aliutungia kitabu kizima kilichotoka mwaka 2011. Ulaji wa udongo na upungufu wa damu hufuatana kwa karibu mno, ingawa bado wataalamu wanabishana nani kamtangulia mwenziwe.

Sasa inafaa kuja kwenye weusi, kwa kuwa weusi wa kucha ndio uliowaliza watu Nyakanazi.

Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania, watatu, mwaka 1983. Kabla jina hilo halijapatikana, wenyeji waliuita ugonjwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda na wafanyabiashara wa magendo, ambao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Ugonjwa ukafuata barabara, na barabara zote za pembe ile hukutana kwenye vituo vya malori. Dawa zilikawia. AZT, ambayo jina lake la kitaalamu ni zidovudini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Tanzania ilianza kugawa dawa bure mwishoni mwa mwaka 2004. Kwa miaka mingi baada ya hapo zidovudini ilikuwa mojawapo ya dawa tatu ambazo wagonjwa wengi walianzishiwa.

Zidovudini iliokoa roho za watu, na hilo litajwe mwanzo. Lakini ilikuwa na tabia mbili. Ya kwanza, kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye ngozi nyeusi, iliamsha melanini katika shina la ukucha. Baada ya wiki kadhaa kucha ziliingia kahawia au samawati iliyokolea, mara kwa mistari, mara zote kabisa. Weusi huo hauumi wala haudhuru. Ya pili, ilidhoofisha uboho, mahali damu inapotengenezwa, na baadhi ya wagonjwa wakapungukiwa damu vibaya. Dawa moja ikawa inapaka kioo weusi huku ikiiba uwaridi wa chumba.

Katika miaka ya 2010 alikuwapo mama mmoja aliyewauzia madereva chai na ndizi za kuchemsha. Alianzishiwa dozi, akaanza kupata nguvu, akarudi kwenye kibanda chake. Mwezi wa pili kucha zilimgeuka. Yeye hakushtuka. Alidhani ni utomvu, maana nani amenyaye mikungu miwili kwa siku akawa na kucha safi? Akasugua kwa limau na mafuta, kama alivyofanya miaka yote. Vidole vikatakata, kucha zikabaki. Akasugua kwa jiwe mpaka zikawa nyembamba. Siku moja jirani yake, mwenye kibanda cha pili, akamshika mkono kwa upole kama anayetazama pete, akautazama kwa muda, akauachia bila neno. Mama akaelewa. Jirani yule alikuwa amemuuguza na kumzika dada yake, na alikwisha ziona kucha za namna ile.

Tangu siku hiyo kucha zilimwogofya kuliko maradhi yenyewe. Maradhi yalikuwa ndani, na kadi ya kliniki ilikuwa chini ya godoro, bali kucha zilikuwa mezani, zikimimina chai mbele ya wateja. Alifikiria kuacha dawa. Wapo walioacha kwa sababu kama hiyo, nao hawapo tena kusimulia. Yeye alipata njia nyingine: alimwita kijana mpaka rangi, akachagua rangi ya zambarau iliyoiva, karibu nyeusi, akapakwa vidole vyote kumi. Wateja wakamtania kwamba mama ameota mchumba. Akacheka nao.

Lakini dawa ilikuwa bado na tabia yake ya pili. Akaanza kuchoka kupanda kijilima cha kisimani, moyo ukimdunda masikioni. Alipokwenda kliniki, muuguzi, mwanamke mtu mzima, alimwomba mkono.

"Mama, toa rangi hii nione kucha."

"Nesi, niachie vidole vyangu. Tazama macho."

Muuguzi hakubisha. Aliugeuza mkono, akalinganisha kiganja na chake, kisha akavuta kope la chini. Hakuhitaji zaidi. Damu ilipopimwa ilikuwa imeshuka kiasi cha kutisha. Zidovudini ikaondolewa, akawekewa tenofoviri mahali pake, akapewa na dawa za kuongeza damu. Yule muuguzi alikuwa amezijua kucha tangu alipomwona ameingia zimepakwa rangi ile iliyoiva. Alikuwa ameshawaona wengi waliopaka rangi ya namna hiyo, na hakumwambia.

Kucha za mama yule zilianza kung'aa shinani baada ya wiki chache. Mpaka kati ya weusi na waridi ulipanda polepole, milimita 3 kwa mwezi, kama hina ya bibi harusi inavyopanda. Siku hizi, tangu takriban mwaka 2019, dozi ya kawaida ya watu wazima Tanzania imejengwa juu ya dolutegraviri, na zidovudini haitolewi tena kwa wingi kama zamani. Kwa hiyo kucha zile zimepungua mitaani. Wenye kumbukumbu ya kuzisoma bado wapo, na hapo ndipo pana hatari: wanasoma maandishi yaliyokwisha futwa, na kumsingizia asiyehusika.

Maana weusi kuchani kwa watu weusi, mara nyingi zaidi, si ugonjwa wala dawa. Ni melanini ya kuzaliwa nayo, inayojichora kwa mistari kutoka shinani hadi nchani, ikiongezeka kadiri umri unavyokwenda. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa Wamarekani weusi ulionyesha kwamba karibu kila aliyevuka miaka 50 ana mstari japo mmoja. Mzee mwenye mistari katika vidole vitatu vinne, iliyokaa miaka bila kubadilika, hana la kuogopa.

La kuogopa ni mstari mmoja katika chanda kimoja, uliozuka ukubwani, unaopanuka, au wenye rangi iliyovuka mpaka wa ukucha na kumwagika katika ngozi iliyo shinani mwake. Huo waweza kuwa saratani ya melanini, melanoma, ambayo kwa watu weupe hupenda ngozi iliyopigwa na jua, na kwa weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley alikuwa nayo chini ya ukucha wa dole gumba la mguu wa kulia. Mwaka 1977 ilidhaniwa kuwa jeraha la mpira. Madaktari walipojua walishauri dole likatwe. Yeye, kwa imani yake ya Kirasta, akakataa, na sehemu ndogo tu ikaondolewa. Aprili 1980 aliimba Salisbury usiku wa uhuru wa Zimbabwe, ugonjwa ukiwa mwilini. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Ni vijana wangapi wa Forodhani na wa Nyakanazi wanaovaa fulana yenye uso wake bila kujua kwamba kilichomwua kilianzia mahali wanapokatia kucha?

Samawati ni habari ya moyo na mapafu. Mtoto mwenye midomo na kucha kama aliyekula zambarau, ilhali si msimu wa zambarau, damu yake haipati oksijeni ya kutosha. Huenda moyo wake una tundu ambalo huichanganya damu safi na chafu. Zamani mtoto huyo alipelekwa India, akibahatika. Tangu mwaka 2015 iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na watoto wengi wamefanyiwa upasuaji humo. Kutoka Nyakanazi hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita elfu moja, na safari hiyo huanza kwa mtu mmoja kusema: hizi kucha si za kawaida.

Ukosefu huo wa oksijeni ukidumu, ncha za vidole huvimba zikawa kama virungu, na ukucha hujikunja juu yake. Wayunani wa enzi za Hippocrates walikwisha liona hilo. Namna nzuri ya kulichunguza ilitoka Afrika: Leo Schamroth, bingwa wa moyo wa Johannesburg, aliugua ukuta wa ndani wa moyo, akawa anavitazama vidole vyake mwenyewe vikivimba na baadaye kupona. Mwaka 1976 aliandika alichokiona. Kunja vyanda viwili vinavyofanana, cha kulia na cha kushoto, uvikutanishe mgongo kwa mgongo, ukucha kwa ukucha. Mtu mzima wa afya ataona katikati kijidirisha kidogo chenye umbo la kashata. Vidole vikivimba, kashata hupotea. Mgonjwa aliugeuza ugonjwa wake kuwa elimu, na elimu yenyewe haina gharama.

Rangi zilizobaki hazihitaji maneno mengi. Manjano yenye unene na kumong'onyoka ni ukungu, na tiba yake ni ya miezi. Manjano ya tumbaku hukoma siku mtu alipoacha kuvuta, na mstari wa mpaka hupanda kuchani ukitangaza tarehe. Dereva hawezi kumdanganya mkewe kwamba aliacha zamani. Kijani huwapata wale ambao mikono yao haikauki, wafua nguo, waosha vyombo, na haishangazi ikiwatokea wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani: ni bakteria waliojificha chini ya ukucha ulioachana na nyama. Weupe wa ukucha karibu wote, ukabaki utepe mwembamba wa waridi nchani, Richard Terry aliuona mwaka 1954 kwa wagonjwa wa ini. Nusu nyeupe na nusu kahawia ni habari ya figo. Madoa meupe madogo ambayo watu huyaita ukosefu wa kalisi, aghalabu ni alama ya ukucha kugongwa mlangoni wiki kadhaa nyuma.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa elimu hii, na waiuzao barabarani kwa vitabu vya kurasa nane huuficha. Ukucha hutaja jambo lakini hautaji jina. Mweupe waweza kuwa wa minyoo, wa malaria, wa hedhi nyingi, wa ini. Mweusi waweza kuwa wa baraka ya umri, wa dawa, wa ndizi, au wa saratani. Anayetoka kwenye rangi moja kwa moja hadi kwenye jina la ugonjwa anabahatisha. Muuguzi wa Nyakanazi hakusoma kucha peke yake: alisoma kiganja, akasoma kope, akapima damu, na hasa alijua mgonjwa wake anameza nini.

Ziko pia rangi za kununua. Piko, ile nyeusi inayochanganywa na hina ili ikolee upesi, imewababua wasichana wengi wa pwani ngozi, na kuchani huziba dirisha. Rangi za chupa vivyo hivyo. Ndiyo sababu mgonjwa wa upasuaji huambiwa azifute: kibanio kinachowekwa kidoleni kupima oksijeni hupitisha mwanga kwenye ncha ya kidole, na rangi iliyoiva yaweza kukipotosha. Wakati wa UVIKO, kuanzia mwaka 2020, vibanio hivyo vilienea duniani, ndipo ikathibitika pia kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi huelekea kusoma oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Mashine nayo ilifundishwa na wagonjwa weupe, kama vile vitabu.

Wale vijana wapaka rangi wangali wapo. Hutembea na kikapu cha chupa ndogo, wakizigonganisha zilie, na mlio huo hutambulikana mbali kama kengele ya muuza barafu. Kwa siku moja kijana mmoja huweza kushika miguu ya wanawake ishirini. Huiosha, huikwangua, hukata, huipaka. Hakuna tabibu mkoani Kagera anayezitazama kucha nyingi kama yeye, wala anayezitazama kwa karibu namna hiyo, uso wake ukiwa shubiri moja tu kutoka dole gumba. Huuona mstari uliopanuka tangu mwezi jana. Huona ukungu, huona weupe, huona kijiko. Hajafundishwa lolote kuhusu hayo, na wembe wake hupita mguu hata mguu. Mteja wake naye amemwita ili afunike, si ili atazame. Basi la Kigoma likisimama hujiinua, hukung'uta magoti, akazigonganisha chupa zake, akavuka barabara.